Pipa la Mama Mahamri: kisa kimoja cha chikungunya Kisauni

Alikuja amemshika mjukuu wake begani, akitembea kama mtu anayekanyaga misumari. Ilikuwa Jumatatu, Januari 2018, na foleni ya zahanati yetu ndogo upande wa Kisauni ilikuwa imetoka nje hadi barabarani. Nilipomkaribisha kiti, akakataa. "Nikikaa, mwanangu, kuinuka ndiyo kazi. Niwache nisimame."

Nitamwita Mama Mahamri. Kila mtaa wa Mombasa una mama mahamri wake, kwa hivyo jina hilo halimfichui mtu, na mambo mawili matatu ya nyumbani kwake nimeyabadilisha makusudi. Alikuwa na miaka 61. Hakuwa na kisukari wala presha, na hospitali aliijua kwa kuzaa tu.

Shida ilimwanza siku kumi kabla, Ijumaa, saa kumi na nusu alfajiri. Alikuwa anakanda unga kama alivyokanda kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, mikono ikagoma. Nilimuuliza kama ni uchovu. "La. Uchovu naujua. Mikono yanikataa. Nakunja kidole, kidole chaniuliza wataka nini." Kufika adhuhuri alikuwa anatetemeka kwa homa. Magharibi vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba hadi kandambili hazimwingii. Unga uliokwisha kuumuka ulimwagwa, mbaazi wakala majirani, na mbuzi ya kukunia nazi ikaegemezwa ukutani, ambapo niliikuta bado nilipokwenda kwao.

Sasa niseme lile ambalo ningependa kuliruka. Jumatatu ile haikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Alikuja Jumamosi, siku ya pili ya ugonjwa, na mimi ndiye niliyemhudumia. Nilimpima malaria kwa kipimo cha haraka, kikatoka mstari mmoja tu, yaani hana. Nikampa dawa ya malaria hata hivyo. Mtu akiniuliza kwa nini, sina jibu la maana zaidi ya kwamba ndivyo tulivyozoea: homa ikija na mwili ukiuma, ni malaria, na kipimo kikikataa basi kipimo ndicho kimekosea. Jumatano, homa ikiwa imepungua kidogo lakini viungo vibaya zaidi, akaenda duka la dawa karibu na kwake. Huko akapimwa damu akaambiwa "taifodi imepanda", akapewa antibayotiki za siku saba na sindano ya maumivu ya diklofenaki. Jirani mmoja akamwambia ni baridi yabisi, apake mafuta ya nyonyo. Kati yetu sote watatu, jirani ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, maana yeye angalau aliangalia viungo.

Jumatatu niliangalia na mimi. Nilimwomba akunje ngumi. Vidole vya mikono yote miwili vilifika nusu ya njia vikasimama. Niliweka sarafu ya shilingi kumi juu ya meza nikamwambia aiokote. Aliisukuma mpaka ukingoni, akaikinga kwa kiganja cha mkono wa pili ikaangukia humo. Akacheka. "Pesa sikosi," akasema. Viwiko na mabega vilikuwa nafuu. Maumivu yalikaa kwenye viungo vidogo, vidole, viganja, vifundo vya miguu, kushoto sawa na kulia. Mikononi kulikuwa na mabaki ya vipele vyekundu ambavyo mjukuu alisema vilitoka siku ya nne vikamwasha sana.

Malaria haikai hivyo. Malaria huuma mwili mzima, na mgonjwa wake hawezi kukuonyesha kidole gani kinauma kuliko kingine. Homa ya ghafla, viungo vidogo vya pande zote mbili, vipele baada ya siku chache: hiyo ni chikungunya, ugonjwa wa kirusi unaoletwa na mbu, mpaka ithibitishwe vingine, hasa Mombasa, hasa miezi ile. Nasema hasa miezi ile kwa sababu mlipuko ulikuwa umekwisha kuanza katikati ya Disemba 2017. Kufikia tarehe 3 Februari 2018 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeorodhesha wagonjwa 453 katika kaunti ya Mombasa, 32 kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara, kutoka Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Yaani kote. Ukitaka kujua hesabu hiyo ilikuwa pungufu kiasi gani, fikiria kwamba Mama Mahamri Jumamosi ile alikuwa ameandikwa na mimi, kwa mkono wangu, kwenye safu ya malaria.

Tulimtoa damu. Siku ya kumi ni kuchelewa kwa kipimo cha kusaka kirusi chenyewe, kwa sababu kirusi huonekana vizuri kwenye damu wiki ya kwanza tu. Tulichotafuta ni kingamwili za mwanzo, zile za IgM, ambazo huanza kuonekana baada ya siku tano hivi. Sampuli ikaenda Nairobi, majibu yakarudi baada ya siku kumi na mbili: chanya kwa chikungunya, hasi kwa dengi. Siku hizo kumi na mbili hazikubadilisha matibabu, maana tiba ya kirusi hiki haipo. Ni panadol, maji mengi na kupumzika. Lakini jibu la dengi lilinipa pumzi. Mbu anayeleta chikungunya ndiye anayeleta dengi, na mgonjwa wa dengi akipigwa sindano ya diklofenaki au akipewa aspirini huenda akavuja damu. Mtu wa duka la dawa alikuwa amecheza bahati nasibu na mwili wa mwenzake bila kujua. Na dengi Mombasa si mgeni: Mei 2013 wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba mtaa wa Tudor, wakapima watu kama 1,500, wakakuta asilimia 13 wana maambukizi ya wakati ule ule au ya karibuni.

Jina lenyewe ni la huku kwetu, jambo ambalo wengi hawalijui. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwenye nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na chikungunya ni neno la Kimakonde la kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea ameinama. Msemaji wa Kiswahili huenda akasikia "kunja" ndani yake. Lugha hizi ni ndugu.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwake pamoja na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ule. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, choo na bafu pembeni mwa ua. Watu kumi na tisa. Tulipouliza, wanane walikuwa wameumwa homa mwezi ule, na kila mmoja ana jina lake la ugonjwa: huyu malaria, yule uchovu wa kazi, mwingine alisema alipigwa na baridi ya feni. Hakuna aliyekuwa amewahesabu pamoja.

Tulihesabu vyombo vya maji. Mapipa saba ya plastiki ya lita 200, kila chumba na lake na moja la mwenye nyumba. Mitungi 31 ya lita 20. Birika moja la saruji chooni. Tairi la pikipiki lililoegemea ukuta. Mfereji ulikuwepo, tena mzuri wa shaba, lakini haukuwa umetoa maji kwa siku nane.

Mjukuu alinishikia tochi nikafunua pipa la bibi yake. Juu ya maji hapakuwa na kitu. Nikangoja. Kisha nikawaona, wamening'inia vichwa chini mkia juu, wadogo kama alama za mkato kwenye kitabu, makumi kwa makumi. Kivuli cha mkono wangu kilipowafikia wakajipinda wote kwa pamoja wakazama. Nilichota kata moja nikamimina kwenye sahani nyeupe, tukawaangalia viluwiluwi wakihangaika. Mama Mahamri alikuwa amesimama nyuma yetu. "Hayo ndiyo maji ya mahamri yangu?" Nikamwambia ya kupikwa hayana neno. Hakufurahi, na nisingetegemea afurahi.

Mapipa manne kati ya saba yalikuwa nao, na birika. Mitungi yote 31, hata mmoja haukuwa nao. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, kwa sababu mtungi una mdomo mwembamba, unafungwa, na unaisha leo leo. Pipa haliishi. Nilimuuliza kila mpangaji mara ya mwisho pipa lake lilipokauka kabisa. Hapana aliyekumbuka. Maji yakija, hujaza. Yakikatika, hutumia kwa hesabu. Na yale ya chini, shubiri moja au mbili, hayaguswi mpaka mapya yaje. Ni akiba ya akiba. Mtu aliyewahi kuamka na mtoto mgonjwa wa tumbo na tone hakuna ndani ya nyumba hatamwaga maji ya chini.

Mbu huyu, Aedes aegypti, ni kama amesomea tabia hiyo. Haweki mayai juu ya maji kama mbu wengine wengi. Huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipoishia, na yakikauka hayafi, hukaa miezi. Maji yanapopanda ndipo huangua. Kwa hivyo pipa linaloshuka pole pole kwa siku nane halafu linajazwa kwa usiku mmoja linafanya kazi mbili kwa zamu: likishuka linapokea mayai, likijaa linayaangua. Na kwenye joto la Mombasa yai lililoangua leo huwa mbu kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Ratiba ya mgao wa maji na ratiba ya mbu zinakaribiana mno.

Ndiyo maana sikubaliani na yale matangazo ya "ondoa maji yaliyotuama". Yanamwambia nani? Maji ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere, Tiwi, na yote pamoja hayatoshi mji. Katika nyumba ile maji yaliyotuama ndiyo maji. Mpangaji mmoja, mzee wa kisiwa cha Pate huko Lamu, aliniambia kwa sauti ya kuchoka kwamba mwaka uliopita alikuja bwana afya mwingine akapindua mapipa mawili uani. Siku ile mtungi ulikuwa shilingi 30 kwa mwenye mkokoteni. Pipa moja ni mitungi kumi, yaani shilingi 300. "Alitumwagia shilingi mia sita, akatuachia karatasi ya kusoma." Wapangaji walichojifunza ni kumficha bwana afya mapipa.

Haya hayakuanzia Kisauni. Mwaka 2004 chikungunya ilipoingia Lamu, uchunguzi wa damu ulionyesha robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameambukizwa, kiasi cha watu 13,500. Mtu angedhani ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Ulikuwa kinyume chake. Utafiti uliochapishwa 2007 uliunganisha milipuko ya pwani na hali ya joto na ukame usio wa kawaida uliotangulia, na maelezo yaliyotolewa ni haya haya ya mapipa: mvua ikikosekana watu huweka maji muda mrefu ndani bila kuyabadilisha, na joto humharakisha mbu na kirusi ndani yake. Kutoka Lamu ugonjwa ulifika Mombasa mwishoni mwa 2004, Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako takriban watu 266,000, yaani thuluthi ya kisiwa, waliugua, na India pia, mwishoni mwa 2005 na 2006. Huko Réunion kirusi kilibadilika sehemu moja ndogo ya ganda lake, kikaweza kusafiri vizuri na mbu mwingine, Aedes albopictus, anayevumilia baridi. Kwetu hakikuhitaji mbu mpya. Watafiti waliosoma chembeurithi za virusi vya mlipuko wa Mandera wa 2016 na wa Mombasa uliofuata walikuta mabadiliko mawili mengine, yaliyokwisha kuonekana India, yanayodhaniwa kukisaidia kustawi zaidi ndani ya Aedes aegypti, yule yule wa pipani.

Na kusini mwetu, Ukunda na Msambweni, wataalamu wa wadudu waliohesabu vyombo kimoja kimoja walikuta mazao makubwa ya mbu yanatoka kwenye vyombo vya aina chache tu: matairi, ndoo, mapipa, vyungu. Vyombo vingine vingi vina maji na havina lolote. Nilipoyasoma hayo niliukumbuka ua ule, mitungi 31 misafi na mapipa manne machafu. Ukienda kuwahutubia watu juu ya kila kifuniko cha soda utawachosha kabla hujafika kwenye pipa.

Tulichofanya Alhamisi ile kilikuwa kidogo. Hatukumwaga maji. Tulichuja ya chini kwa kitambaa tukayarudisha kwenye mitungi, tukasugua kuta za ndani za mapipa kwa brashi ngumu na sabuni ya kipande, hasa ule mstari wa maji, kwa sababu mayai hayatoki kwa kusuuza. Mapipa matatu yalikuwa na vifuniko vilivyopasuka. Mama Mahamri akatoa leso kuukuu, ikachanwa vipande, kila kipande kikavutwa mpaka kikakaza na kufungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Leso ikilegea ikazama katikati ni sawa na kutoifunga. Tairi likachukuliwa na watoto kabla sijamaliza sentensi.

Birika ndilo lililotusumbua, maana halina mfuniko na watu wanachota humo usiku na mchana. Mzee wa Pate akasema kwao birika halikukosa samaki. Nyumba za mawe za Lamu na visiwa vyake zilikuwa na birika za choo zenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini kabisa bakuli la kauri limejengewa humo, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Watu wenye bakuli lile walikuwa wamekwisha kuyafikiria maji ya chini kabla yetu. Kesho yake akaleta samaki wawili kwenye mfuko wa nailoni. Mmoja aliliwa na paka wiki hiyo hiyo. Wa pili alinenepa.

Niliporudi baada ya wiki mbili, pipa moja kati ya saba lilikuwa na viluwiluwi, la mpangaji aliyekuwa amesafiri. Birika safi. Nisiyakuze: nyumba moja haithibitishi kitu, mlipuko wenyewe ulikuwa unapungua, na kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa niliona mapipa ya mafundi yaliyojaa maji ya kuchanganyia saruji. Mbu huyu haruki mbali, lakini ukuta wa ua hauwi mbali.

Chandarua walikuwa nacho, kila kitanda, na walikitumia. Hakikuwasaidia kwa hili. Aedes anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni, na Mama Mahamri alfajiri huwa ameketi kwenye kibago uani, miguu wazi, hatua tatu kutoka pipani. Ningemwambia mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana wiki ile ya kwanza, ili mbu wasichukue kirusi kwake wakawapelekea wengine kumi na wanane. Sikumwambia, kwa sababu wiki ile ya kwanza nilikuwa namtibu malaria.

Watu huniuliza juu ya chanjo. Zipo mbili duniani. Ya kwanza, Ixchiq, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na baada ya ripoti za madhara mazito, wengi wao wazee, Marekani ikasimamisha leseni yake Agosti 2025. Ya pili, Vimkunya, iliidhinishwa Februari 2025 na haina kirusi hai. Kwa mtu wa umri wa Mama Mahamri hiyo ya pili ndiyo ingekuwa ya kuzungumzia, kama ingekuwepo zahanati, na haipo.

Chikungunya huua mara chache, ndiyo maana hudharauliwa. Kilichomtokea Mama Mahamri hakimo kwenye safu ya vifo. Hakuuza kwa wiki sita. Wateja wake wa asubuhi, makondakta wa matatu na walimu wa madrasa, walihamia kwa mama wa kona ya pili na baadhi hawakurudi. Mwezi wa tatu bado vidole vilikuwa vigumu mpaka saa tatu asubuhi, wakati mahamri yanatakiwa saa kumi na mbili, kwa hivyo mjukuu akaanza kukanda kabla ya shule na yeye akabaki kwenye karai. Ukimuuliza kama amepona anakuonyesha ngumi. Inafungika, isipokuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ambacho anasema amekisamehe.

Nilipita kwao mwaka jana. Leso za mapipani zimebadilishwa, sasa ni za rangi ya machungwa. Ijumaa asubuhi ndiyo siku ya kusugua, wamepanga zamu kwa vyumba, na zamu imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ua. Nikasoma majina. Wiki mbili za katikati hazikuwa na jina. Nikamuuliza mjukuu nani aliyekacha.

"Hakukacha mtu," akasema. "Wiki hizo maji hayakuja. Tungesugua na nini?"